Habari za Kombora la V-2, na Watu Walioliunda

Watu wengi wa pwani, na wa miji mikubwa ya bara pia, wamepata kuona fataki zirushwazo usiku wa sikukuu. Bomba la karatasi lililojazwa baruti hutiwa moto kwa chini, cheche na moshi hutoka nyuma kwa nguvu, nayo fataki hukimbia mbele. Haisukumwi na upinde wala mzinga. Yajisukuma yenyewe kwa moto iutupao nyuma yake. Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi taifa moja, yaani Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walivyolichukua jambo hilo la mchezo wakalifanya kuwa silaha ya kuruka maili 200, na jinsi walivyoijaribu mara nyingi kabla haijafaa. Tena twataka kueleza iligharimu nini, maana gharama yake ni ya namna ya pekee, nayo husahauliwa upesi na wale wausifuo ufundi.

Kwanza yatupasa kueleza kombora la namna hii ni kitu gani. Mtu akitupa jiwe, mkono wake hulisukuma kwa kitambo kidogo tu. Likiisha kutoka mkononi hapana kitu kingine kilisukumacho. Hupanda, hupinda, huanguka. Kombora hili ni hivyo hivyo. Mtambo wake huwaka kwa dakika moja hivi, ukalipeleka juu kwa mbio kuu, kisha huzimika, na safari yote iliyobaki ni safari ya jiwe lililotupwa. Ndiyo sababu ni shida kulilenga, kwa kuwa kosa dogo sana wakati moto unapozimika huwa kosa la maili kadha mahali pa kuanguka.

Mwaka 1919, baada ya kushindwa katika Vita Kuu vya kwanza, Wajerumani walitiwa katika Mapatano ya Versailles. Jeshi lao lisizidi watu 100,000, wasiwe na eropleni za vita, wala wasiunde mizinga mikubwa ipendavyo nafsi yao. Lakini walioandika mapatano yale hawakutaja makombora yenye kujisukuma, maana hawakuyadhani kuwa silaha ya maana. Maofisa wa mizinga wa Kijerumani wakauona mlango ule uliosahauliwa kufungwa. Mmoja wao, Kapiteni Walter Dornberger, alipewa kazi ya kuyachungua makombora katika uwanja wa jeshi wa Kummersdorf, kusini ya Berlin. Mwaka 1932 akaandikwa kazini huko kijana wa miaka 20, jina lake Wernher von Braun, aliyekuwa katika chama cha watu waliotamani kusafiri kwenda mwezini. Chama kile kilikuwa na ndoto kubwa na fedha haba. Jeshi lilikuwa na fedha. Von Braun alikwenda zilipo fedha, na mwaka uliofuata Hitler akatwaa serikali, fedha zikazidi.

Kombora lao la kwanza halikuruka kabisa. Mwezi wa Desemba 1934 walirusha mawili madogo katika kisiwa cha Borkum, kwenye Bahari ya Kaskazini, wakayapa majina ya watoto wawili watundu wa hadithi mashuhuri ya nchi yao, Max na Moritz. Yalipanda juu zaidi ya maili moja, nao wakafurahi. Basi wakatafuta mahali pakubwa pa kufanyia kazi kwa siri, wakapapata Peenemünde, kwenye ncha ya kisiwa cha Usedom, penye pwani ya Bahari ya Baltiki. Ilikuwa nchi ya misonobari na matete, ambako babu yake von Braun alikuwa akienda kuwinda bata. Mama yake ndiye aliyemkumbusha mahali hapo. Toka mwaka 1937 bata walihamishwa na kelele za mitambo.

Mwisho wa mwaka huo walirusha makombora manne ya namna mpya, na yote manne yakaharibika. Mtambo uliwaka vizuri. Lililoshindwa ni usukani. Upepo uliligeuza kombora, na usukani haukuwa na nguvu ya kulirudisha. Hapo wakajua ya kwamba kulipeleka kombora juu ni nusu ya kazi, na nusu iliyo ngumu zaidi ni kulifanya lishike njia.

Dawa yao ilikuwa kitu ambacho kila mtoto wa Kiswahili akijua, nacho ni pia. Pia izungukayo kwa kasi haikubali kupinduliwa. Uiguse, itakaidi na kusimama vile vile. Wakaweka ndani ya kombora pia za chuma zizungushwazo kwa umeme. Kombora likiinama upande mmoja, pia hukaa kama zilivyo, na tofauti ile iliyo kati ya pia na kombora huamsha umeme wa kugeuza usukani. Usukani wenyewe ulikuwa vipande vinne vilivyosimamishwa ndani ya ule moto utokao nyuma, vilivyofanywa kwa kitu kama risasi ya kalamu, kwa kuwa chuma kingeyeyuka. Walitengeneza kombora dogo kwa kujaribia jambo hilo tu, wakalirusha mara nyingi katika miaka ya 1938 na 1939 mpaka likatii.

Ndipo wakaunda lile kubwa, ambalo mafundi waliliita A-4 na serikali ililiita baadaye V-2, yaani silaha ya pili ya kisasi. Urefu wake ulikuwa futi 46, na uzito wake likiwa limejazwa ulizidi tani 12. Halikutumia baruti. Lilibeba karibu tani 4 za spiriti iliyochanganywa na maji, na karibu tani 5 za oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa ifanyayo moto kuwaka, iliyopozwa mpaka ikawa maji maji ya baridi kupita barafu yote. Vitu viwili hivi vilivutwa na pampu yenye nguvu sana vikakutana katika chumba cha moto, na ile spiriti, kabla ya kuchomwa, ilipitishwa kwanza katika kuta za chumba hicho ili kuzipoza zisiyeyuke. Twaona hilo kuwa jambo la akili sana. Lakini spiriti ile ilipikwa kwa viazi, nayo husemwa ya kuwa kombora moja lilikula kiasi cha tani 30 za viazi, katika nchi ambayo chakula kilikuwa kimekwisha kuwa cha kupimiwa. Wakulima watafahamu.

Tarehe 13 Juni 1942 walilirusha la kwanza. Likapanda, likageuka, likaanguka baharini. La pili, mwezi wa Agosti, lilipita mbio za sauti, kisha likavunjika. La tatu lilirushwa tarehe 3 Oktoba 1942. Likanyoka, likapanda zaidi ya maili 50, mahali ambapo hapana hewa ya kupumua wala ya kubeba bawa la ndege, likaanguka baharini kiasi cha maili 120 kutoka pale liliporushwa. Kabla ya siku ile hapakuwa na kitu kilichofanywa kwa mikono ya wanadamu kilichofika juu namna hiyo kwa kujisukuma chenyewe. Mwezi wa Julai 1943 Dornberger na von Braun walimwonyesha Hitler picha za sinema za jambo hilo. Naye, ambaye mwanzo hakulijali, akaamuru yaundwe maelfu, na von Braun akapewa cheo cha profesa.

Waingereza walikuwa wamekwisha kupata fununu, kwa picha zilizopigwa na eropleni kutoka juu na kwa habari za watu waliofanyishwa kazi pale. Usiku wa tarehe 17 Agosti 1943 walipeleka karibu eropleni 600 kuipiga Peenemünde. Waliua mafundi, akiwamo Walter Thiel, mjuzi wa mitambo ya kombora lile, lakini mabomu mengi ya kwanza yaliiangukia kambi ya wafanyakazi wa kigeni, wakafa mamia ya watu walioletwa huko bila hiari yao, ambao baadhi yao ndio waliotoa habari za siri. Baada ya usiku ule Wajerumani walikata shauri mambo mawili. Majaribio yahamishwe yaende mbali katika nchi ya Poland, na kiwanda kizikwe chini ya mlima.

Tuanze na Poland. Mahali penyewe paliitwa Blizna, na wenyeji walikuwa wamekwisha kufukuzwa. Yafaa tuangalie tofauti iliyokuwapo hapo. Huko Peenemünde kombora lilirushwa juu ya bahari. Huko Blizna lilirushwa kwenda kaskazini juu ya mashamba na vijiji vya watu, kama maili 150, bila mtu yeyote kuambiwa lolote. Tena makombora mengi yalipasuka hewani kabla ya kufika chini, na mafundi hawakujua sababu. Von Braun alisimulia baada ya vita ya kuwa alikwenda kusimama mahali pale pale palipolengwa, kwa kuwa hapakuwa na kombora hata moja lililopata kupiga hapo, akaona ni mahali pa salama kuliko pote. Siku hiyo moja likaja moja kwa moja, likaanguka karibu naye hata akatupwa chini. Mwishoni waligundua ya kwamba ganda la mbele lilishindwa kustahimili kombora liliporudi katika hewa nzito, wakalizungushia bati la kulitia nguvu. Askari wakaliita suruali ya bati.

Wanavijiji wa Poland hawakukaa bure. Kila kombora lilipoanguka, magari ya Wajerumani yalikimbilia kukusanya vipande, lakini mara nyingi watu wa jeshi la siri la Poland, wakisaidiwa na wakulima, walifika kwanza, wakaficha walichoweza kubeba. Tarehe 20 Mei 1944, karibu na kijiji cha Sarnaki, kombora moja lilianguka katika matope ya ukingo wa mto Bug na halikupasuka. Wakalificha majini mpaka Wajerumani walipochoka kutafuta. Kisha wakalitoa usiku, wakalifungua, na vyombo vyake vikapelekwa Warsaw kwa siri, ambako wataalamu walivipima, mmoja nguvu za umeme, mwingine yale maji maji yaliyosalia ndani.

Usiku wa tarehe 25 Julai 1944 eropleni ya Waingereza ilitoka Italia ikashuka katika uwanja wa majani kusini ya Poland kuvichukua vyombo vile. Ilipotaka kuondoka, magurudumu yalizama katika udongo uliolowa. Askari wa Kijerumani walikuwa karibu. Mara mbili abiria na mizigo waliteremshwa, na watu wakachimba kwa mikono na kutandika mbao chini ya magurudumu, wakati usiku wa kiangazi, ambao huko ni mfupi sana, ukiisha. Kulipokaribia kucha eropleni iliruka, na vipande vikafika London baada ya siku chache. Antoni Kocjan, fundi aliyeongoza upelelezi huo wa makombora, hakuona mwisho wake. Alikuwa amekamatwa, akauawa Warsaw mwezi wa Agosti.

Sasa twaja kwenye kiwanda. Katika mlima wa Kohnstein, karibu na mji wa Nordhausen, yalikuwapo mahandaki marefu yaliyochimbwa zamani kwa kuwekea mafuta. Mwisho wa Agosti 1943 wafungwa wa kwanza waliletwa kutoka kambi ya Buchenwald ili kuyapanua yawe kiwanda. Walikuwa Warusi, Wapolandi, Wafaransa na watu wa mataifa mengine. Kambi yao iliitwa Dora. Kwa miezi ya kwanza hawakujengewa hata banda; walilala humo humo ndani ya mlima, katika vitanda vya mbao vilivyopangwa ghorofa nne, mmoja akiamka kwenda kazini na mwenziwe akijilaza mahali pake. Baruti za kupasulia mawe zililipuka usiku na mchana, vumbi halikutua, maji ya kunywa hayakutosha, na choo kilikuwa mapipa yaliyokatwa nusu. Wengi hawakuliona jua kwa majuma mengi. Wakafa kwa mapafu, kwa kuhara, kwa njaa na kwa kipigo.

Makombora yalipoanza kutoka, wafungwa wengine walijaribu kuyaharibu kwa siri, kwa kulegeza skrubu au kuunga chuma vibaya. Aliyeshukiwa alinyongwa, na mara nyingine watu walitundikwa wengi pamoja kwenye winchi ya kiwanda, juu ya njia ambayo wenzao walipaswa kupita. Mafundi wa kiraia walifanya kazi humo na kuona. Von Braun mwenyewe aliingia katika mahandaki yale zaidi ya mara moja. Wengine humtetea ya kuwa hangeweza kuzuia lolote, na ya kuwa yeye naye alifungwa na polisi wa Hitler kwa siku chache mwaka 1944. Kufungwa kwake ni kweli. Lakini sisi twaona ya kuwa mtu aliyeweza kumshawishi Hitler kwa picha za sinema hakuwa mtu asiye na sauti kabisa.

Tarehe 8 Septemba 1944 kombora la kwanza lilianguka London, katika mtaa wa Chiswick, likaua watu watatu. Radi ikipiga mbali, sisi huona umeme kwanza, kisha ngurumo hufuata. Kombora hili nalo lilikwenda mbio kupita sauti yake lenyewe, hata watu walisikia mshindo wa kupasuka kwanza, ndipo wakasikia mvumo wa kuja kwake. Hapakuwa na king'ora cha kuwaonya, wala mzinga wa kulipiga, wala eropleni ya kulifukuza. Serikali ya Uingereza haikutaka Wajerumani wajue yalipoangukia, kwa hiyo ikanyamaza, na habari zikaenezwa ya kuwa ni mabomba ya gesi yaliyopasuka. Watu wa London wakafanya mzaha wa mabomba ya gesi yenye mabawa. Miezi miwili ilipita kabla Bwana Churchill hajasema kweli mbele ya Baraza la Taifa, tarehe 10 Novemba.

Tarehe 25 Novemba kombora moja lilipiga duka huko New Cross, kusini ya London, wakati wa adhuhuri ya Jumamosi, watu wakiwa wamejaa kununua vitu, walikufa 168. Lakini mji uliopigwa zaidi haukuwa London, bali Antwerp katika Ubelgiji, kwa sababu ya bandari yake iliyoyalisha majeshi ya Waingereza na Wamarekani. Tarehe 16 Desemba kombora liliangukia nyumba ya sinema ya Rex, wakafa watu 567, wengi wao askari. Wajerumani waliyarusha makombora kutoka juu ya magari, hasa katika mji wa The Hague nchini Uholanzi na misitu iliyo karibu, kisha wakaondoka upesi. Waingereza walipojaribu kuwapiga huko, tarehe 3 Machi 1945, mabomu yalikosea yakaangukia mtaa wa raia, wakafa Waholanzi zaidi ya 500. Kombora la mwisho lilianguka Uingereza tarehe 27 mwezi huo huo.

Kwa jumla yalirushwa zaidi ya 3,000, karibu nusu yake kuielekea Antwerp na zaidi ya 1,300 kuielekea London. Katika Uingereza yaliua watu zaidi ya 2,500, na katika nchi zote pamoja hukisiwa kiasi cha watu 5,000. Hesabu ya upande wa pili ni hii: kambi ya Dora na matawi yake ilipitiwa na wafungwa kiasi cha 60,000, na karibu 20,000 kati yao walikufa. Si wote walikuwa katika kazi ya makombora, maana wengine walichimbishwa mahandaki ya viwanda vingine. Walakini wanahistoria waliochungua sana hukisia ya kuwa V-2 peke yake iliua walau wafungwa 10,000. Maana yake, kombora hili liliua watu wengi zaidi lilipokuwa likiundwa kuliko lilipokuwa likirushwa kwa adui. Hatujui silaha nyingine mashuhuri yenye hesabu kama hiyo. Wala vita havikugeuka kwa ajili yake hata siku moja.

Askari wa Marekani walifika Nordhausen tarehe 11 Aprili 1945, wakakuta maiti kwa mamia, na ndani ya mlima makombora yaliyopangwa safu safu. Walichukua vipande vya kutosha kuunda makombora kama 100, wakaondoka kabla Warusi hawajafika kuushika upande ule. Von Braun na zaidi ya wenziwe 100 walipelekwa Marekani, ambako makombora ya Peenemünde yalirushwa tena katika jangwa la New Mexico toka mwaka 1946. Warusi nao walirusha yao kule Kapustin Yar mwaka 1947. Kutoka mbegu hiyo moja yalitoka makombora makubwa ya Marekani na ya Urusi yawezayo kuvuka bahari yakiwa na bomu la atomiki, na pia lile lililowapeleka watu mwezini mwaka 1969, ambalo von Braun aliongoza kuundwa kwake.

Mmoja wa watu wale alikuja hata upande wetu. Kurt Debus, aliyesimamia jukwaa la majaribio huko Peenemünde, kisha akawa mkuu wa kituo cha Wamarekani cha kurushia vyombo vya angani katika Florida, alipostaafu aliingia katika kampuni moja ya Kijerumani iitwayo OTRAG. Kampuni hiyo ilipewa na Rais Mobutu eneo kubwa sana katika Shaba, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ikarusha makombora huko mwaka 1977 na 1978. Wenyewe walisema ni ya kupeleka vyombo angani kwa bei rahisi. Nchi jirani na Warusi walisema ni majaribio ya silaha. Kombora lililorushwa mbele ya Mobutu mwenyewe lilipinda likaanguka karibu, na mwaka 1979 kampuni iliondoka.

Ama kwa habari ya Dora, mwaka 1947 Wamarekani waliwahukumu baadhi ya walinzi na wakubwa wa kambi ile. Katika washtakiwa 19 alikuwamo mkuu mmoja tu wa kiwanda, Georg Rickhey, akaachiliwa. Arthur Rudolph, aliyesimamia kuungwa kwa makombora mle mahandakini, alifanya kazi Marekani miaka mingi, akatunukiwa heshima kwa ajili ya lile kombora la mwezini. Baada ya kustaafu, serikali ya Marekani ilimhoji habari za wafungwa. Hakushtakiwa, alipatana nayo aache uraia wake, na mwaka 1984 akarudi Ujerumani. Alikufa Hamburg mwaka 1996.